Kiti cha Mwanamume Aliyeficha Ngozi

Nilisikia wimbo kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la Lusail, huku Qatar, lile jua la mchana linaloacha madoa meusi machoni, na mlango wa nyumba ile ya ghorofani uliponifungukia niliingia kama mtu aliyefunikwa blanketi kichwani. Mapazia yote yalikuwa yamevutwa. Sauti ilitoka chumba cha ndani, sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, isiyo na neno hata moja nililolijua. Ilipanda kidogo, ikashuka sana, na mwisho wa kila mstari ikanyamaza kama inayongoja kujibiwa. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kazi na nilidhani nimeingia penye msiba.

Macho yalipozoea nilimwona: bibi mwembamba kwenye kiti cha magurudumu, mgongo kwa televisheni, uso umeelekea pazia. Nilimuuliza kwa Kiingereza anamwimbia nani.

"Sili," alisema.

"Wako wapi, madamu?"

"Hawako. Ndiyo maana hawajibu. Na usiniite madamu. Kwenu mtu wa umri wangu anaitwaje?"

"Nyanya."

Alilijaribu neno hilo mdomoni mara kadhaa, akalikubali. Tangu siku hiyo akawa nyanya yangu wa Lusail. Mwanawe, mhandisi, alikuwa amemhamisha kutoka kisiwa kimoja magharibi mwa Ayalandi baada ya kuvunjika nyonga, na mimi niliajiriwa kumwogesha, kumlisha na kumtembeza. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba nimeajiriwa pia kusikiliza.

Sili ni mnyama wa bahari za baridi. Ana kichwa cha mviringo kama mbwa asiye na masikio, na macho ya mtu aliyetoka kulia. Watu wa visiwa vya kwao nyanya, wa ukoo ule wa kale unaoitwa Wakelti, wanasema baadhi ya sili ni watu. Wakifika ufukweni huvua ngozi, huiweka juu ya jiwe, na kucheza mchangani wakiwa wanawake na wanaume wazuri kupita kiasi. Mwanamume akiiokota ngozi ya mmoja wao na kuificha, yule mwanamke hawezi kurudi baharini. Humfuata mwanamume nyumbani, humzalia watoto, humpikia. Wengine wanasema humpenda. Lakini siku akiiona ngozi yake anaivaa, na nyumba ile haimwoni tena.

Siku moja nikimkata kucha, nyanya alitanua vidole vyake. Kati ya kidole na kidole ngozi ilipanda juu kuliko kwangu, laini, inapitisha mwanga.

"Mama yake nyanya yangu," alisema, na macho yake hayakucheka. "Ukoo wetu wote tuna hii. Padri alitukataza kuisema."

"Na yeye aliondoka?"

"Aliondoka. Mkate ulikuwa bado jikoni, moto."

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ngozi yake akabaki?"

"Binti, umenisikia au unakata kucha tu?"

Nilirudi Najma, mtaa niliokuwa nikiishi, jioni ile nikiwa na homa ya kuandika. Tangu shuleni nilitaka kuandika mapenzi ya mtu na kiumbe asiye mtu, mapenzi yanayomfanya msomaji aache taa ikiwaka. Nilikuwa nimeshaandika hadithi mbili za mtu aliyependwa na jini, na wenzangu wa kundi la waandishi waliniambia kwa upole kwamba zilikuwa hadithi moja. Walisema kweli. Katika hadithi za majini nilizolelewa nazo, binadamu ndiye anayetegwa. Mwanamke mzuri anatokea, harufu ya udi inajaa chumba, na kijana wa watu amekwisha. Katika hadithi ya nyanya mtegaji ni binadamu. Yule kiumbe wa ajabu amekaa jikoni anakoroga uji, na wa kuogopwa ni mume aliyeketi mezani, anayempenda, mwenye siri juu ya dari. Nilipoliona jambo hilo sikulala vizuri kwa wiki nzima.

Niliandika kuhusu mwanamume Mkenya, mwokozi wa waogeleaji katika hoteli ya ufukweni, anayeokota ngozi ya kijivu chini ya viti vya jua. Mwanzoni nilitaka mwanamke wangu awe nguva, maana msomaji wa Kiswahili anamjua nguva, na bahari ya Qatar inao. Nyanya alikataa katakata.

"Huyo nguva wako anavua nini?"

"Havui kitu. Yuko hivyo alivyo."

"Basi mumeo atamfungia kwa kitu gani?"

Nikabaki na sili.

Kundi letu lilikutana Ijumaa mchana, Wakristo tukiwa tumetoka kanisani na Waislamu wametoka kuswali, katika duka la kushona nguo pale Najma. Fundi wake, Mganda mwenye futi ya kupimia shingoni hata akila, aliruhusiwa na tajiri yake kutuazima chumba mpaka saa ya kufungua jioni. Tuliketi juu ya marobota ya vitambaa, mlango umefungwa kuzuia joto, kiyoyozi kikinguruma. Tulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Sura ikishasomwa, kiti cha fundi kinawekwa katikati na mhusika anaketishwa. Aliyechaguliwa kuwa sauti ya mhusika anakaa, wasikilizaji wanamhoji. Anajibu kama mhusika. Anaweza kunyamaza, hawezi kudanganya, na hainuki mpaka anayeuliza aseme ametosheka. Mimi huandika majibu na kwenda nayo kitandani. Karibu kila neno tamu alilolisema mwanamume wa riwaya yangu lilizaliwa kwenye kiti kile.

Sauti ya mwanamume huyo ilikuwa ya mchumba wa mwenzangu wa chumba. Alikuwa dereva wa familia moja huko Al Wukair, kijana mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzito iliyowafanya hata mafundi wa duka la jirani waje kuchungulia. Mimi nilimwita shem. Mwenzangu alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache, anayekunja soksi zake mbilimbili. Hakuandika chochote. Alikuja Ijumaa kwa sababu mchumba wake alikuja, na kwa sababu, aliniambia wakati mmoja, alipenda kusikia watu wakisumbuliwa na mambo ambayo hayapo.

Kunguni ndio walioanzisha yote. Chumba chetu kilipopigwa dawa tulitoa kila kitu nje, na mwenzangu akampa mchumba wake bahasha ya kaki yenye vyeti vyake halisi: cha chuo cha uuguzi, cha usajili, cha kuzaliwa. Amtunzie mpaka dawa ikauke. Dawa ilikauka, kunguni walikufa, bahasha haikurudi. Hakuna aliyejali, mpaka mwenzangu alipofaulu usaili wa kazi katika hospitali moja Ayalandi. Ndiyo, nchi ileile ya nyanya. Alitakiwa kupeleka vyeti halisi vikaguliwe Jumapili asubuhi, na waliomwita walimwambia wazi kwamba asipokuja navyo nafasi itapewa anayefuata.

Kutoka siku hiyo shem akawa msahaulifu. Bahasha iko nyumbani. Bahasha iko kwa rafiki. Leo gari liko gereji. Kila jibu lilikuja na busu na kichekesho, na mwenzangu, ambaye hapigi kelele, alizidi kukunja soksi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya ukaguzi alimngoja mlangoni pa duka. Mimi nilikuwa ndani napanga karatasi zangu na nilisikia kila kitu.

"Umeleta?"

"Aki, mrembo, nimetoka mbio. Bosi alinituma uwanja wa ndege."

"Jumapili ni keshokutwa."

"Najua kalenda. Kesho nitakuletea. Niamini basi."

"Ulisema hivyo jana."

"Na jana ilikuwa kweli pia," alisema, akacheka, akaingia akimsalimu kila mtu kwa bega. Mwenzangu aliingia nyuma yake, akaketi kwenye robota lililo karibu na mlango. Hakunitazama. Niliona tu kwamba hakuvua mkoba begani.

Nilisoma sura niliyokuwa nimeiandika wiki ile. Mke, yule wa baharini, ameanza kuugua bila ugonjwa. Anakunywa maji ya chumvi kwa siri. Anasimama bafuni nguo zote mwilini, bomba limefunguliwa, na mume anagonga mlango akiuliza kwa sauti ya upendo kama yuko salama. Niliisoma vibaya, midomo imekauka. Nilikuwa nimeiandika nikimfikiria yule bibi wa kale wa ukoo wa nyanya, aliyeacha mkate jikoni, nakumbuka hivyo vizuri, lakini nilipokuwa nikiisoma kwa sauti ndani ya chumba kile kila sentensi ilitafuta mtu wa kumwangukia.

Walipiga makofi. Fundi akakiweka kiti katikati. Shem akaketi, akanyoosha miguu, akaweka mikono nyuma ya kichwa.

"Haya, niulizeni. Mimi ni mwokozi wa waogeleaji, lakini leo niokoeni nyinyi."

Watu walicheka. Fundi alianza, na kwa Kiganda chake kila mwanamume ni ssebo, yaani bwana.

"Ssebo, huyo mkeo umeshampima? Maana kwa hilo umbo la sili, gauni nitamshonea wapi, juu au chini?"

"Mpime ukitaka mkono ukatwe."

"Banange, jamani, tayari ana wivu."

Aliyefuata alikuwa kijana wa kompyuta, ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu. Kila kundi la waandishi lina mmoja. Alikuwa hakumbuki siku yako ya kuzaliwa lakini alikumbuka kwamba gari la mhusika wako lilikuwa jekundu sura ya pili na jeupe sura ya tano. Aliuliza jambo kuhusu zamu za hoteli, akajibiwa, akasema ametosheka.

Kisha mwenzangu akasema, "Mimi nina swali."

Hakuwahi kuuliza swali hata siku moja.

"Karibu, mrembo," shem alisema.

"Mrembo simjui. Namuuliza mwokozi. Ngozi umeificha wapi?"

Alitabasamu. Ndani ya riwaya ilikuwa juu ya dari ya bafu, kila mtu alijua. Lakini hakusema dari.

"Mahali salama."

"Salama kwa nani?"

"Kwake. Ikikaa nyumbani itapotea. Ile nyumba inaingia watu."

"Alikuuliza?"

"Anauliza kila siku." Alicheka kidogo, peke yake. "Wanawake wa baharini wana haraka."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Namwambia kesho."

Mkono wangu uliendelea kuandika kwa mazoea. Niliona wino, sikuona maneno. Fundi alikuwa ameacha kuchezea futi yake.

"Kwa nini kesho?" mwenzangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ileile anayoitumia kumuuliza mgonjwa kama ameenda haja. "Kama ni yake, kwa nini isiwe leo?"

"Kwa sababu hakuibiwa." Alikuwa ameshusha mikono, ameegemea mbele. "Watu wanaongea kana kwamba aliibiwa. Si alinipa mwenyewe? Kwa mkono wake alinipa, akasema nitunzie. Sasa nimetunza, imekuwa kosa?"

"Hapana, hapo umekosea," kijana wa kompyuta akasema papo hapo, kidole juu, akigeuza kurasa za nakala yake. Masikini, alikuwa na furaha ya kukamata kosa. "Sura ya kwanza aliiokota chini ya viti vya jua, yeye akiwa anaogelea. Hakupewa. Mke hata hajui iko kwake mpaka..."

Nadhani aliinua macho akaona nyuso zetu.

Nje mtu alikuwa akivuta toroli la magaloni ya maji, na tulilisikia likipita mpaka mlio wake ukaisha. Shem alimtazama kijana wa kompyuta, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemwandikia jibu lile. Kisha akashika mikono ya kiti ainuke.

"Kaa," mwenzangu alisema. "Sijatosheka."

"Basi bana. Mchezo umeisha."

"Ssebo," fundi alisema taratibu, "kile kiti nyinyi wenyewe ndio mliokiwekea sheria. Mimi nashona tu."

Alikaa. Mpaka leo sijui kwa nini alikaa. Angeweza kutoka, alikuwa mrefu kuliko sisi sote. Nafikiri mtu aliyekuwa akipigiwa makofi kwenye kiti kwa muda mrefu hawezi kukikimbia mbele ya walewale waliompigia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Unaogopa nini?" mwenzangu aliuliza.

Alinyamaza. Kunyamaza kuliruhusiwa. Sote tulimwachia kimya chake, na kilikuwa kirefu, na mimi nilitamani kukijaza kwa neno lolote, nikajiuma ulimi.

"Akiivaa," alisema mwishowe, akiongea na sakafu, "hatakuwa na haja na mimi. Huko anakokwenda kuna baridi na hela na watu wengine. Mimi ni dereva. Nitabaki hapa naendesha watoto wa watu shule na kurudi. Atanipigia mwezi wa kwanza. Wa pili atasema zamu zimembana. Nishaona wenzangu. Simu inakufa polepole, mtu unaiangalia tu inakufa."

Riwaya yangu haikuwahi kumpa maneno mazuri kama yale. Niliyaandika. Hata wakati ule niliyaandika.

Mwenzangu alivua mkoba begani, akaupakata.

"Nilipofaulu usaili," alisema, "niliwauliza kama mume anaruhusiwa kunifuata baada ya mwaka. Wakasema ndiyo. Waliniuliza, umeolewa? Nikasema nitaolewa Desemba. Nilikuwa naye huyo mume akilini, ninyi nyote mnamjua. Nilitaka kumwambia siku atakayoniletea bahasha, tufurahi pamoja."

Shem aliinua uso.

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja kesho yako."

Kisha akasema ametosheka.

Shem aliinuka, akapita kati yetu bila kugusa mtu, akatoka bila viatu. Tulisikia hatua zake kwenye lami, halafu mlio wa gari kufunguliwa. Mwenzangu alikaza macho mlangoni. Mimi niliingoja injini. Nilikuwa na hakika nitaisikia ikiwaka, gari likirudi Al Wukair na bahasha ikienda nalo. Badala yake tulisikia buti ya gari ikifunguliwa, na vitu vizito vikiburutwa, na kishindo cha buti kufungwa. Alirudi na bahasha mkononi. Ilikuwa na alama nyeusi ya mviringo kwa sababu ilikuwa chini ya tairi la akiba. Ilinuka petroli. Ilikuwa imekuja na kurudi naye kila Ijumaa, na ilikuwa nje ya duka wakati anasema imesahauliwa nyumbani.

Alimpa. Mwenzangu alivitoa vyeti kimoja kimoja, akaviweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akavikagua pande zote mbili, akivipangusa kwa kitambaa safi alichopewa na fundi. Kona ya cheti cha chuo ilikuwa imejikunja. Aliinyoosha kwa ukucha mpaka ikalala. Hakuharakisha, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza alivirudisha ndani, akaitia bahasha kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Tuongee," shem alimwambia. "Twende tukae kwa gari, tuongee sisi wawili."

"Hapana."

"Dakika moja tu."

"Niambie hapa."

Alitutazama, mmoja mmoja. Fundi aliinamia cherehani yake na kuanza kutunga uzi kwenye sindano iliyokuwa tayari na uzi. Kijana wa kompyuta alikuwa bado ameshika ile nakala, ameifumbata kifuani.

"Sina la kusema mbele za watu," shem alisema.

Mwenzangu aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyapangusa, na hakusogea.

Kisha shem akanigeukia mimi. "Na wewe, mwandishi. Mwisho wake utauandikaje? Hizi hadithi za mapenzi si huwa wanabaki pamoja?"

Ningeweza kumwambia kwamba wasomaji wangetaka hivyo, na kwamba mimi mwenyewe, mpaka asubuhi ya siku ile, nilikuwa nikitafuta njia ya kumdanganya nyanya, mke aione ngozi yake na bado abaki.

"Ataondoka, shem," nilisema.

"Hata kama anampenda?"

"Hata kama anampenda."

Alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Alitafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu vyetu karibu na mlango, akapata kimoja, cha pili hakukiona. Alipiga magoti akapekua kandambili na raba za watu, na ilichukua muda, na hatukumsaidia kwa sababu hatukujua kama angependa tumsaidie. Mwishowe mwenzangu alisogea, akakitoa chini ya robota alilokuwa amekalia, akakiweka mbele yake, ncha ikielekea nje. Shem alikivaa bila kufunga kamba. Alisimama, akajipangusa magoti.

"Safari njema," alisema, na mlango ukafungwa nyuma yake.